Matete Kumi na Tisa Madhabahuni

Katika nyumba ya Bibi Esteria, hakuna kitu cha kwanza kilichowahi kuliwa, kuvaliwa wala kutumiwa kabla Mungu hajakiona. Yai la kwanza la kila mtetea lilikwenda kanisani. Debe la kwanza la maharage lilikwenda kanisani. Sweta la kwanza alilofuma binti yake, lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, lilikwenda kanisani, na mwinjilisti akalivaa msimu mzima wa baridi huku mkono mmoja akiukunja, kwa sababu hakutaka kumvunja mtu moyo. Na umeme ulipofika kijijini Kwemsambia, Bibi alipanda juu ya kiti, akaifungua balbu ya kwanza kabla haijamaliza saa moja ikiwaka, akaivingirisha kwenye kitenge na kuipeleka madhabahuni. Nyumba ikakaa gizani mpaka siku ya gulio, ilipopatikana balbu ya pili.

"Cha kwanza ni cha Mungu," alisema. "Sisi tutatumia cha pili. Cha pili nacho kinawaka."

Watu walicheka, na mjukuu wake Yunis alicheka pamoja nao. Hakujua kwamba zamu yake ilikuwa njiani inakuja.

Yunis alikuwa na miaka ishirini na minne, stashahada ya kilimo, na sauti ambayo watu wa Kwemsambia hawakuwa wamewahi kuisikia vizuri. Shikamoo yake ilitoka sawasawa, maana shikamoo haina mjadala. Lakini maneno yaliyotakiwa kufuata yalikwama kooni. Dukani aliandika mahitaji yake kwenye karatasi na kumpa muuzaji, mpaka muuzaji akaamini kuwa binti ni bubu, akawa anamjibu kwa ishara za mikono. Yunis hakuwa na ujasiri wa kumsahihisha, naye akaanza kujibu kwa ishara. Chuoni, siku ya kuwasilisha kazi yake mbele ya darasa, aliiwasilisha yote akiwa ameutazama ubao. Mkufunzi alimpa alama nzuri, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mgongo wako umeeleza vizuri sana."

Kazi hiyo ilihusu nyuki wapweke. Tangu aliposoma habari zao, Yunis aliwapenda kama mtu anavyopenda ndugu aliyefanana naye sura. Hawa hawakuwa nyuki wa mzinga. Hawakuwa na malkia, wala jeshi, wala asali ya kugombaniwa. Kila mama alitafuta tundu lake mwenyewe, akajenga vyumba vyake mwenyewe, akaweka humo chakula na yai, akafunga mlango na kwenda zake bila kelele. Maisha ya namna hiyo Yunis aliyaelewa kabisa.

Aliporudi kwa Bibi, alishuka bondeni kwenye kijito akakata matete makavu. Aliyakata kwa urefu wa shibiri moja, kila kipande kikiwa kimezibwa upande mmoja na fundo lake, akalainisha midomo kwa msasa ili mbawa zisichanike, akayafunga kwa kamba ya katani. Kisha akaning'iniza fungu lake chini ya paa, upande wa jua la asubuhi.

Fungu la kwanza Bibi aliliwashia moto wa chai. "Nilishangaa," alisema, "nikasema mjukuu wangu ana mapenzi, mpaka vijiti vya kuwashia ananipigia msasa." Fungu la pili lilivamiwa na sisimizi. La tatu Yunis alilipanga ndani ya kopo tupu la rangi, akapaka mafuta machafu ya gari kwenye waya wa kuning'inizia, akamwomba Bibi kwa karatasi iliyoandikwa herufi kubwa: SI KUNI.

Mwezi wa tatu nyuki wakaja. Walikuwa weusi, wadogo kuliko nyuki wa asali, na chini ya tumbo wana manyoya ya rangi ya chungwa wanayobebea chavua. Kila mmoja alifika na kipande cha jani kilichokatwa duara, amekikunja chini ya tumbo kama mtu aliyebeba mkeka kwapani, akaingia nacho ndani ya tete kutandika kitanda cha mtoto. Yunis alikuwa akikaa chini ya paa akiwatazama hadi chai inapoa. Kwao hakuona haya. Aliwasimulia habari za chuoni, ndoto zake, na hata wimbo wa kwaya aliuimba mpaka mwisho. Tete lilipojaa, mama nyuki aliziba mlango kwa vipande vya majani, na Yunis aliweka alama ya chaki juu ya kopo. Mwezi wa saba ulipoingia alama zilikuwa kumi na tisa. Ndani ya yale matete walikuwamo watoto wanaosubiri kutoka, na Yunis hakuwa na fungu lingine.

Sasa, majani yale ya duara yalikuwa yanatoka wapi? Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Yalikuwa yanatoka kwenye mawaridi ya Mama Mchungaji.

Mama Mchungaji Eliza alikuwa na mawaridi mekundu mbele ya nyumba ya mchungaji, ng'ambo tu ya shamba la Bibi. Aliyatunza kuliko alivyomtunza mchungaji mwenyewe. Alipoona majani yake yana matundu ya duara, safi kabisa, kama yamekatwa kwa mkasi, alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, mzee wa kanisa alisoma: "Yule anayekata majani ya mawaridi ya Mama Mchungaji aache mara moja. Na kama anayafanyia dawa, ajue dawa hiyo haitafanya kazi."

Uchunguzi haukuchukua muda. Mshtakiwa alikuwa mbuzi wa Mzee Benjamini, mpiga tarumbeta mkubwa wa kikundi cha usharika.

"Mama Mchungaji," alisema Mzee Benjamini, "mbuzi gani anakata duara?"

"Wako."

"Mbuzi wangu hajasoma."

"Ndiyo maana anaharibu mali za watu."

Mbuzi akafungwa kamba fupi nyuma ya nyumba, na kila alipolia, Yunis alihisi analia jina lake. Mara mbili alikwenda kukiri. Mara ya kwanza alifika kwenye ua, akageuka. Mara ya pili alifika mpaka mlangoni, na Mama Mchungaji alipofungua na kumwona amesimama bila neno, akadhani njaa imewapata kwa Bibi Esteria. Akampa kabichi mbili na chupa ya maziwa. Yunis alirudi nazo nyumbani akilia. Ile kabichi haikushuka vizuri.

Jumamosi ya kuamkia Sikukuu ya Mavuno, Bibi na mjukuu walikuwa wamekaa barazani wakipukuchua mahindi. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi, manyunyu hayakatiki, na Bibi alikuwa amejifunika blanketi juu ya sweta juu ya sweta.

"Niambie," Bibi alisema, "hayo matete yako unayoyaangalia kama mchumba, yana nini?"

Labda ni kwa sababu ya ukungu, uliofanya baraza ionekane kama hakuna dunia nyingine. Yunis akafunguka. Akaeleza kila kitu: mama mpweke, kitanda cha majani, mlango unaozibwa. Alisema maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema mwaka mzima.

"Hana mume wa kumsaidia?" Bibi aliuliza.

"Hana, Bibi. Anajenga mwenyewe."

"Kama mimi alipofariki babu yako," Bibi alisema, akachukua hindi jingine. "Na ni mangapi yaliyojaa?"

"Kumi na tisa! Bibi, ndiyo kazi yangu ya kwanza iliyofanikiwa tangu nitoke chuo. Ya kwanza kabisa."

"Ya kwanza," alirudia Bibi polepole.

"Ya kwanza!" alisema Yunis, akitabasamu kama mjinga.

Asubuhi, kopo halikuwapo.

Waya ulikuwepo, mafuta machafu yalikuwepo, na kwenye msumari palikuwa pamebaki karatasi iliyoandikwa SI KUNI. Bibi naye hakuwapo. Alikuwa ameondoka mapema na kikapu chake kichwani. Yunis hakuhitaji kuuliza. Alivaa gauni la kanisani juu ya lile la kulalia, akakimbia kuteremka njia ya utelezi, akaanguka mara mbili, na kufika kanisani ibada imeshaanza, goti moja likiwa na matope kama la mtu aliyeomba sana.

Kopo lilikuwa madhabahuni. Limesimama kati ya malenge na fungu la miwa, limefungwa utepe mwekundu.

Yunis alijibana kwenye benchi la nyuma. Kuchukua kitu madhabahuni lilikuwa jambo lisilofikirika. Kilichotolewa Kwemsambia hakikurudi nyumbani. Baada ya ibada akina mama walibeba kila kitu moja kwa moja mpaka jikoni la usharika, kikapikwa, na kanisa zima likala pamoja uwanjani. Chakula kilikwenda sufuriani. Kuku walikwenda sufuriani. Na kilichofanana na kuni kilikwenda chini ya sufuria.

Alihesabu: kumi na tisa. Akaanza kuomba mwenyewe, sala yake binafsi, wakati wengine wanaimba.

Mchungaji Anord alikuwa na desturi ya kuinua kila sadaka na kuitolea shukrani kwa jina. Akashukuru kwa malenge, akashukuru kwa karoti, akashukuru kwa jogoo, aliyemjibu. Kisha akainua kopo. Akalitazama mbele, akalitazama nyuma, akachungulia ndani.

"Tunakushukuru pia, Bwana," alisema, "kwa hii... ambayo wewe unaijua."

"Amina," walisema watu kwa mashaka.

Bibi Esteria akasimama. "Mchungaji, ni malimbuko ya mjukuu wangu Yunis! Kazi yake ya kwanza! Amesoma chuo!"

"Oo, vizuri sana. Basi Yunis aje mbele atueleze, ili tushukuru kwa akili zetu zote."

Watu mia mbili waligeuza shingo. Yunis aliona miguu yake ikitembea bila kumwomba ruhusa. Alipofika mbele, alimwona Mama Mchungaji kwenye benchi la kwanza, kifuani amebandika waridi jekundu, jani lake moja likiwa na tundu la duara. Maneno yote ya jana yakamtoka kama maji kwenye chekeche.

"Ni nyumba," alisema, akarudi kukaa.

Kisha minong'ono ikaanza.

"Amesema nyumba?"

"Labda ni mfano wake. Hawa wa chuo huanza na mfano mdogo."

"Hiyo nyumba ina vyumba vingi, mwenzangu, lakini mpangaji wake awe mwembamba."

Mchungaji akashukuru kwa nyumba, akaendelea na viazi.

Ibada ilipokwisha, kikundi cha matarumbeta kilianza kupiga uwanjani, Mzee Benjamini akiwa mbele na tarumbeta lake kubwa lililozeeka kuliko mchungaji. Yunis alipambana kutoka nje, lakini kila mtu alitaka kumsalimia mwenye nyumba. "Shikamoo, shikamoo, shikamoo," alisema, akisonga kama mtu avukaye mto. Alipofika nyuma ya kanisa, moshi ulikuwa tayari unatoka jikoni; moshi mnene, mweupe, wa kuni zilizolowa.

Sesilia, mkuu wa jiko, alikuwa amechutama mbele ya mafiga akipuliza mpaka macho yamemwiva. Sufuria la wali wa watu mia mbili lilikuwa limekaa juu ya moto uliokuwa unazimika. Pembeni, karibu kabisa na makaa, aliweka kopo la Yunis likauke vizuri zaidi. Utepe mwekundu alikwishaufungua, akaufunga kichwani mwake.

"Mungu mwenyewe ameona hali yetu," Sesilia aliwaambia wenzake. "Kuni zote zimelowa, halafu ametuletea matete makavu, tena yamepigwa msasa." Akashika fungu, akalichomoa ndani ya kopo.

Yunis alisimama mlangoni. Neno lilikuwa kooni, limekwama palepale maneno yake yote yalipokwama siku zote. Aliona mkono wa Sesilia ukisogea kwenye makaa, akaona milango kumi na tisa iliyozibwa kwa majani, na ndani yake wale waliofanana naye, wasioweza kupiga kelele.

"USICHOME!" Sauti ilitoka, na haikuwa ndogo hata kidogo. Ilikuwa ni sauti yote ya miaka ishirini na minne, haijawahi kutumika. "USICHOME! KUNA WATOTO NDANI!"

Uwanjani matarumbeta yalikatika katikati ya ubeti. Kisha kanisa zima likaja mbio.

"Watoto wanaungua!"

"Jikoni! Jikoni! Maji!"

"Watoto wa nani? Jamani, wangu wako wapi?"

Mzee Benjamini, kwa umri wake wote, alifika wa kwanza, tarumbeta begani, na ndoo ya maji ya kunawia mikono, na bila kuuliza swali aliimwaga yote juu ya moto. Nyuma yake mwinjilisti alimwaga ya kwake. Mtu wa tatu alikosea shabaha akammwagia Sesilia. Moto ulikufa kwa mlio mrefu wa masikitiko. Majivu yalipanda mpaka darini, yakashuka taratibu juu ya wali.

Moshi ulipopungua, watu walimwona Yunis amekaa chini, amelikumbatia fungu la matete.

"Watoto wako wapi?" aliuliza Mchungaji, akihema.

"Humu," alisema Yunis.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye utepe wa Sesilia.

"Mimi nimekesha nikichambua mchele," Sesilia alisema kwa utulivu wa kutisha. "Naomba mtu anieleze, kwa Kiswahili au kwa Kishambaa, chochote kile, kwa nini nimelowa."

Yunis alisimama. Alitafuta ubao, hapakuwa na ubao. Palikuwa na ukuta wa jikoni, mweusi kwa masizi kama ubao wenyewe. Akaugeukia, akafungua kinywa. Lakini mikono miwili mikavu ikamshika mabega na kumzungusha.

"Geuka, mama," alisema Bibi Esteria. "Ukuta haujakuuliza."

Hivyo Yunis alieleza akiwa ametazama watu. Mwanzoni maneno yalitoka moja moja, kama kuku watokao bandani, kisha yakatoka yote. Aliwaeleza habari za mama asiye na msaada, za chavua anayobeba tumboni na jinsi inavyoyafanya maharage na maboga yazae, za vyumba na milango. Alipofika kwenye vitanda, alisimama. Akamtafuta Mama Mchungaji kwa macho.

"Na vitanda wanavitengeneza kwa majani ya duara," alisema. "Ya mawaridi. Mama Mchungaji, shikamoo. Ni nyuki wangu. Nilijua tangu mwanzo. Nilikuja kukuambia mara mbili, ukanipa kabichi."

Mama Mchungaji alinyoosha mkono, akachukua tete moja na kulitazama mdomoni. Vipande vya duara vilikuwa vimepangwa humo kimoja juu ya kingine, vimekauka, rangi ya kijani bado inaonekana.

"Hili," alisema, "ni waridi langu."

Kabla hajasema jingine, nyuma kukatokea mlio wa mtu aliyekuwa amebanwa na furaha. "Mbuzi wangu!" alipaza sauti Mzee Benjamini. "Mmesikia? Mmesikia wote? Mbuzi wangu amefungwa kamba mwezi mzima bila kosa! Mnyama asiyejua hata kukata pembe tatu!"

"Mgosi, mzee wetu, tulia," watu walimwambia.

"Nitatuliaje? Nataka litangazwe! Alitangazwa akiwa mkosaji, atangazwe akiwa safi! Kwenye matangazo, kabla ya yale ya ndoa!"

"Litatangazwa, Mzee," alisema Mchungaji.

"Kwa sauti ileile!"

Ni katika kelele hizo Mama Mchungaji alipohisi kitu kikitikisika kwenye vidole vyake. Joto la makaa lilikuwa limefanya kazi ambayo jua la Lushoto mwezi wa saba lingeifanya kwa majuma. Kile kizibo cha majani kilitoboka, pembe mbili ndogo zikachungulia, kisha kichwa, kisha nyuki mzima akasimama ukingoni mwa tete akijifuta uso.

"Nyuki!" mtu alipiga kelele.

Watu walioingia kwa kishindo walitoka kwa kishindo kikubwa zaidi. Mwinjilisti alipita dirishani. Mzee Benjamini, asiye na pa kwenda, alijifunika kichwa kwa mdomo mpana wa tarumbeta lake. Mama Mchungaji alibaki amesimama, amenyoosha mkono mbele kama aliyeshika nyoka, macho ameyafumba.

"Yunis," alisema bila kufungua meno. "Njoo umchukue mwenzako."

Yunis aliweka kidole, na yule nyuki akapanda juu yake. Akatembea mpaka kiganjani, akakaa hapo anakausha mbawa. Watu walichungulia mlangoni, vichwa vikipangana.

"Hang'ati?"

"Huyu ni dume," alisema Yunis. "Madume hayana mwiba. Ndiyo yanayotoka kwanza."

"Yanatoka kwanza kwenda kufanya nini?" aliuliza Sesilia, akikamua kitenge chake.

"Hakuna. Yanazunguka nje yakisubiri majike yatoke."

"Na kujenga?"

"Hayajengi."

"Kutafuta chakula cha watoto?"

"Hapana."

Sesilia aligeuka polepole, akawatazama wanaume wa Kwemsambia waliosimama nje wameweka mikono mifukoni. "Kumbe tunawafuga siku nyingi," alisema, na jiko lote likaangua kicheko, hata waliolowa.

Ikabaki shauri. Yunis aliomba arudi nyumbani na matete yake. Bibi Esteria, ambaye siku zote alimpa mjukuu wake kila alichotaka, alikataa papo hapo. Cha kwanza ni cha Mungu, na kilichotolewa hakirudi. Hata ile balbu mpaka leo inawaka sakristia, kwenye chumba cha mavazi ya ibada. Sesilia alisema hapiki tena kama vitu vyenye watoto vitakuwa vinaletwa jikoni. Mchungaji Anord hakufikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa na njaa.

"Vitu vya Mungu vinakaa nyumbani kwa Mungu," alisema. "Kopo litaning'inizwa chini ya paa la kanisa, upande wa mashariki. Na Yunis atalitunza, na kila Jumapili atatupa habari zake. Kwenye matangazo."

Yunis aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mchungaji, si naweza kuandika kwenye karatasi?"

"Kwa sauti ileile," alisema Mzee Benjamini.

Wote walimgeukia Mama Mchungaji. Alikuwa bado anaangalia kiganja cha Yunis. Yule nyuki aliruka, akayumba, akapita juu ya bega lake, na akaenda moja kwa moja nje, kwenye mwanga mdogo uliokuwa umeanza kupasua ukungu.

"Waambie," Mama Mchungaji alisema, "wakate ya upande wa nyuma. Ya mbele ni ya wageni."

"Sidhani kama watanisikia, Mama."

"Kwa sauti ile niliyoisikia leo? Watakusikia."

Wali uliondolewa majivu, ukaliwa saa kumi jioni. Kila mtu alisema una ladha ya moshi, na kila mtu aliongeza sahani.

Basi Yunis akaanza kusimama kila Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa. Alisema, "Wametoka wanne." Alisema, "Wametoka tisa, na majike yameanza." Watu walioanza kwa kucheka wakawa wanasubiri. Jumapili moja alipougua mafua, mwinjilisti alipanda mimbarini akasema kwamba hana habari, na kukatokea manung'uniko. Hata muuzaji wa duka alifurahi, ingawa kwa mazoea aliendelea kumjibu kwa ishara. Lakini kila mara Yunis alisimama kwa sababu ameitwa, na kila mara alitamani asiitwe.

Mpaka Jumapili moja ya mwezi wa tisa, jua limeanza kuwaka na mawaridi yamejaa matundu, nyuma na mbele. Kikundi cha matarumbeta kilisimama kuongoza wimbo. Mzee Benjamini alilitoa tarumbeta lake kwenye msumari wa dirishani, ambapo lilikuwa limening'inia wiki mbili alipokwenda Tanga kwa mwanawe. Alivuta pumzi. Mashavu yakajaa. Hakukutoka kitu. Akavuta pumzi nyingine, kubwa zaidi, macho yakamtoka.

Yunis, kwenye benchi la nyuma, aliona kitu cha kijani kwenye tundu la kupulizia la tarumbeta. Hakuna aliyemwita. Hakufikiri hata kidogo.

"Mzee Benjamini, shikamoo, USIPULIZE!"

Wimbo ulisimama. Mzee Benjamini alishusha tarumbeta polepole, akachungulia pale anapoweka midomo. Ndani, kipande kwa kipande, kwa duara safi kabisa, tundu lilikuwa limezibwa na jani la waridi.

Akainua macho akamtazama Yunis, aliyekuwa amesimama wima mbele ya watu mia mbili na hajagundua bado kwamba amesimama.

"Muda gani?" aliuliza.

"Wiki saba, Mzee. Labda nane, baridi ikirudi."

Mzee Benjamini alifikiri. Alimfikiria mbuzi wake, aliyetangazwa safi kwa sauti ileile, na jinsi binti huyu alivyokuwa ametetemeka siku ile na bado akasema. Akaliinua tena tarumbeta, safari hii kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, akaliweka karibu na midomo bila kuligusa. Kisha akajaza mashavu, akawapa wenzake ishara ya kuanza, na kwa majuma manane akasimama mbele ya kikundi akitikisa vidole na kichwa bila kutoa sauti.

Sesilia alisema wimbo ule haukuwahi kupigwa vizuri namna hiyo.